Tangazo Alilosomewa Mama Mkwe

Afisa uhusiano wa kampuni ya maji, ambaye kazini wote walimwita Dada Mkubwa, alikuwa na mtindo wake uliomchekesha sana msaidizi wake. Hakuna tangazo lililotoka kabla hajalisoma kwa sauti mbele ya mama wa mapokezi, yule anayepokea simu za wateja wenye hasira. Neno ambalo mama wa mapokezi hawezi kumwambia mteja bila kuona haya, lilifutwa. Hakuna rufaa.

Msaidizi, mtu mzima wa miaka hamsini aliyetokea magazetini, aliona huo ni mchezo wa kitoto. Asubuhi moja mashine ya kutia dawa ilikwama, na maji yasiyosafishwa yakaenda mtaa mzima. Msaidizi akakaa saa nzima akiipiga msasa sentensi moja: "Kampuni inashughulikia changamoto ndogo ya kiufundi iliyoathiri kwa muda ubora wa huduma." Alijipongeza kimoyomoyo.

"Safi kabisa," mkurugenzi akasema. "Haimtishi mtu. Ipelekeni redioni."

Dada Mkubwa akamsomea mama wa mapokezi. Yule mama akatikisa kichwa tu.

"Bosi, mama mkwe wako si anakaa mtaa huohuo?" Dada Mkubwa akauliza kwa upole. "Mpigie umsomee. Akiielewa, naipeleka redioni mwenyewe, kwa mguu."

Msaidizi alitamani ardhi ipasuke immeze. Nani anamtuma mkurugenzi kwa mama mkwe? Lakini mkurugenzi, kwa ubishi wake, akapiga na kuweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona saa za kazi, kuna msiba?"

"Hapana, mama. Nina tangazo nataka nikusomee." Akasoma lote, kwa sauti ya mkutanoni.

"Maneno mazuri," mama mkwe akasema. "Kwamba umesoma, tunajua. Sasa hapa nimekinga maji kikombeni, mjukuu anayalilia. Nimpe, nisimpe?"

Mkurugenzi akaiweka karatasi mezani. Kisha maneno yakamtoka yote kwa mpigo.

"Usimpe, mama! Yamwage. Ni machafu, na kosa ni letu. Mpe ya jana. Yakiwa salama nitakwambia mwenyewe."

Dada Mkubwa alikuwa ameshayaandika. Akageuza karatasi: *Msinywe maji ya bomba ya leo. Ni machafu, yamwageni. Kosa ni letu. Yakiwa salama tutawaambia.* Mkurugenzi akatia saini.

Msaidizi akaisoma karatasi mara mbili. Miaka yote ile ya kuchonga maneno, na huyu mwanamke amelitoa tangazo kinywani mwa bosi mwenyewe, wala sauti hakupandisha! Hajapata kuona kitu kama kile.

Redio ikatangaza, simu zikaanza kulia zote kwa pamoja. Msaidizi akakimbilia moja.

"Mwanangu ameshayakunywa," sauti ya mwanamke ikasema. "Kama nusu saa iliyopita. Nifanyeje?"

Nusu saa iliyopita yeye alikuwa anatafuta neno la kuweka mahali pa "machafu". Dada Mkubwa akauchukua mkono wa simu kutoka kiganjani mwake.

"Uko nyumba gani, mama?" akauliza. "Mbebe mtoto, simama mlangoni. Nakuja na gari, nawapeleka hospitali mwenyewe."