Nyota ya Bibi Ilipohamia Jioni

Tanzania nzima inasema "nyota njema huonekana asubuhi," lakini hebu waulize ni nyota gani. Watakukodolea macho tu! Mimi naijua, na ndiyo iliyoniokoa.

Msimu wa kulima, hapa kwetu Ngulyati, nilikuwa naiona kila alfajiri. Mimi niko mbele ya ng'ombe nimeshika kamba, bibi, mama yake baba, yuko nyuma ameshika plau. Ni ile kubwa nyeupe ya mashariki. Ikipanda juu ya zizi, bibi anaisalimia, "Mwangaluka!" kama anavyomsalimia jirani asubuhi, halafu tunaanza kazi.

Januari matokeo ya kidato cha pili yakatoka. Nimefeli! Mkuu wa shule akasema nafasi ya kurudia ipo mpaka mwisho wa Februari. Baba akakataa katakata.

"Nyota njema huonekana asubuhi," alisema. "Ya huyu haikuonekana. Palizi ikiisha, aende Lamadi kwa shangazi yake akauze dagaa."

Dagaa! Mimi niliyetaka kuwa nesi! Nililia mpaka macho yakavimba.

Bibi alikuwa anapepeta choroko. "Na hiyo nyota yenyewe," akamuuliza mwanawe, "siku hizi unaiona?"

Kweli, tangu Desemba ilikuwa imepotea.

"Imepita nyuma ya jua," bibi akasema. "Itatokea upande wa pili, jioni."

"Ya jioni ni nyingine, mayu," baba akamjibu mama yake.

"Tangu nikuzae, umeshaziona zote mbili siku moja?"

Hajawahi, na anajua. Ila baba yangu ni mbishi jamani! "Haya. Ikitokea jioni kabla palizi haijaisha, arudi shule."

Weee! Kuanzia siku hiyo nilipalilia pamba kama kinyonga. Jani moja, napumzika. Bibi naye ghafla akaanza kuumwa mgongo, bibi ambaye hajawahi kuumwa hata kidole. Kila jua likizama naangalia magharibi: mawingu, mawingu, mawingu. Nikayachukia mawingu yale, na sisi ndio tuliokuwa tunaomba mvua. Februari ikawa inakatika, na shambani ikabaki mistari miwili tu.

Jioni hiyo ng'ombe walikuwa wanaingia zizini. Nikainua macho, na wingu lilikuwa limepasuka. Chini kabisa, juu ya ua wa minyaa, ile pale! Nyeupe, kubwa, yenyewe!

"Baba! Baba, njoo uone!" Ndoo ya maji ikaniponyoka, sikujali. Nilikuwa naruka na miguu imelowa.

Bibi akatoka jikoni, mgongo umepona. Akapiga makofi mawili. "Mwadila!" akaisalimia, salamu ya jioni sasa, akacheka mpaka akashika ukuta.

Baba aliitazama mpaka ikazama. Kisha akachukua jembe langu pale nilipoliegemeza.

"Hiyo mistari miwili nitamalizia mwenyewe," akasema. "Nenda kafue sare."