Ile "Si" Aliyoimeza Amoni

Amoni wa Itaka hakuwa mtoto mwongo. Niliseme hili mapema, maana watu wetu midomo haiwatulii. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, amesoma kwa wamisheni mpaka darasa la sita, anapalilia kahawa ya baba yake bila kusukumwa, na ndiye aliyekuwa macho ya nyumba. Baba yake Nikodemo na mama yake Yunisi hawakujua kusoma. Barua ikija, anasoma Amoni. Barua ikienda, anaandika Amoni. Kila neno la mbali lilipita kinywani mwake kwanza, na humo ndimo lilimoharibikia.

Basi, wakati ule wa Mwingereza, Mzungu mmoja mtafutaji dhahabu kule Saza alikuwa anafunga virago arudi kwao, na pikipiki yake anaiuza kwa bei ya kutupa. Amoni aliiona mara moja tu. Tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana.

"Lile dude?" alisema Nikodemo. "Baiskeli ukichoka unashuka, unaisukuma. Lile ukichoka wewe, lenyewe wala halina habari."

Yunisi hakutania. "Nimezaa sita, Amoni. Umebaki wewe. Unataka niwe nakaa mlangoni nasikiliza mlio, ukinyamaza na mimi roho inyamaze?"

Amoni alibembeleza wiki tatu. Alichota maji bila kutumwa, akapasua kuni za mwezi mzima, akamwambia baba kwamba miche ya kahawa haitakauka tena njiani, akamwambia mama kwamba magoti yake yatapona akiacha kutembea mpaka kanisani. Loo, kijana alikuwa na maneno! Kidogo kidogo Nikodemo akalegea. Yunisi ndiye aliyebaki, mpaka siku moja akasema, "Haya. Tumwulize Mika. Mika akisema ndiyo, mimi sina neno."

Mika alikuwa mdogo wake Yunisi wa tumbo moja. Aliishi Isoka, ng'ambo ya mpaka, ukishavuka Tunduma, na alikuwa akimpelekea mwenye duka mmoja mizigo kwa pikipiki. Mama yao alikufa Mika akiwa bado ananyonya, Yunisi akambeba mgongoni naye mwenyewe bado msichana. Alimfundisha kula, kusali, na kuitika. Kwa Yunisi, mtu akikuita unaitika papo hapo, hata kama una donge la ugali mdomoni. Hata Amoni alikwishachapwa kwa kuitwa mara mbili.

Amoni aliandika barua kama alivyoambiwa, hakuongeza wala kupunguza. Jibu likaja na dereva wa lori. Wazazi wakaketi uani, Nikodemo kwenye kigoda, Yunisi mkekani, na Amoni akafungua bahasha, akapitisha macho kwanza.

Mika alikuwa ameandika: "Dada na shemeji, msimruhusu kijana. Pikipiki imenivunja mguu, kidonda kimeoza, sinyanyuki kitandani. Dada, nakuita. Njoo unione, usikawie."

"Soma basi," alisema Nikodemo. "Umekuwa bubu?"

Amoni akasoma. "Dada na shemeji, mmruhusu kijana."

Silabi moja tu ndiyo aliyoimeza. "Si." Herufi mbili! Lakini alipokwisha kuimeza, yaliyobaki hayakusomeka tena, maana angeusomaje ule mguu bila pikipiki iliyouvunja? Akakaza macho kwenye karatasi, akatunga: "Mimi ni mzima. Nawasalimu wote."

Yunisi aliipokea barua kwa mikono miwili, akaigusisha shavuni. "Mika haniongopei," alisema. Akaiweka kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na cheti chake cha ubatizo.

Tusimwonee. Amoni alikusudia kurekebisha. Alijiambia kwamba pikipiki ikifika, safari ya kwanza ni Isoka, atampakia mama, na huko Mika atasema mwenyewe. Pikipiki ikafika. Jumapili ya kwanza gurudumu likatoboka. Jumapili ya pili kahawa ilikuwa imeiva yote kwa mpigo. Ya tatu alimpeleka mwinjilisti kwenye mazishi, watu wakamsifu, naye akaona haya kuharibu sifa. Na kila Jumapili iliyopita ilifanya neno liwe gumu zaidi, kwa sababu sasa ilimbidi aeleze na ule ukimya. Mama akimwambia, "Twende siku moja tukamsalimie Mika," alijibu, "Twende, mama," kisha akaenda kuifuta pikipiki ambayo haikuwa na vumbi.

Wiki ya saba, yule dereva wa lori akaleta habari. Mika amekwisha kuzikwa, kidonda cha mguu kilichooza kimemwua.

Msiba ulijaa pale Itaka, na Yunisi alilia kitu kimoja tu. "Mika amenificha! Mtoto niliyembeba mgongoni ananiandikia yu mzima, kumbe anaoza! Nimemkosea nini mimi?" Kila mgeni aliyeingia alisikia hivyohivyo. Wanawake wakatikisa vichwa, wakasema marehemu naye alikuwa na kiburi, mtu gani anamficha dada yake. Amoni alikuwa pale pale akichochea kuni, akasikia yote, akamwacha maiti abebe uongo wake. Jamani! Ningekuwepo ningemzaba kofi, na nadhani angenishukuru.

Baada ya arobaini, Yunisi akajiandikisha kwa Tabita, mke wa mwinjilisti, aliyekuwa akiwafundisha wanawake kusoma ubaoni. "Nataka niisome barua ya Mika kwa macho yangu," alimwambia mumewe. "Huenda nikiisoma mwenyewe hasira zitaniisha."

Kuanzia hapo Amoni aliishi kwa silabi. Mama alizikariri akichambua maharage: ba be bi bo bu. Wiki iliyofuata, ka ke ki ko ku. Amoni aliwahi kumwuliza Tabita, kama mzaha, wamefika wapi. "Ma me mi," alijibu Tabita. "Mama yako ana kichwa chepesi sana." Siku moja nyumba ilikuwa tupu, akalifungua lile kopo, akaitoa barua, akasogea jikoni. Alisimama nayo mpaka makaa yakaanza kufifia. Ulikuwa mwandiko wa mwisho wa Mika duniani. Akairudisha, akakaa chini akalia, lakini kumwambia mama, aa, mdomo haukufunguka.

Kisha akasikia kutoka uani, kwa sauti ya furaha kabisa: "Sa, se, si, so, su."

Jioni hiyo hiyo Yunisi alileta kopo. "Kaa hapa, Amoni. Nikikwama unisaidie." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Da-da. Na. She-me-ji." Akacheka mwenyewe, akamtazama mwanawe, asifiwe. Kisha kidole kikasogea. "M. Si. M-ru-hu-su."

Akarudia. "M-si-m-ru-hu-su." Akainamia karatasi karibu zaidi. "Hii hapa ni nini?"

"Ni 'si', mama."

"Siku ile uliposoma, ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

Yunisi hakupiga kelele. Alimsogezea karatasi. "Nisomee yote. Usiruke."

Akasoma. Kidonda, kitanda, nakuita, njoo, usikawie. Alipomaliza, mama yake alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Aliniita," alisema. "Mika aliniita, na mimi nikakaa kimya. Amekufa akidhani nimemsikia na sikuja."

"Mama, nisamehe. Nilitaka—"

"Usinieleze. Kesho kukicha uwashe hilo dude lako, unipeleke Isoka."

Yunisi hakuwa amewahi kulipanda hata mara moja, kwa woga. Asubuhi alifunga kanga mbili kiunoni, akakaa nyuma, akamshika mwanawe mbavu. Walivuka Tunduma watu wakifungua maduka. Njia nzima Amoni aliuhisi ule mshiko mbavuni kila walipopiga shimo. Ilikuwa safari ya siku moja tu. Siku moja! Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Walionyeshwa kaburi, udongo umeanza kuota majani. Yunisi akapiga magoti, akayang'oa kwanza, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

"Bee, Mika," aliitika. "Nimekuja, mdogo wangu. Nisamehe, nilichelewa kusikia."

Amoni alingoja ataje jina lake. Yunisi hakulitaja. Aliendelea kung'oa majani, amelibeba kosa lote yeye.

Ndipo Amoni akapiga magoti upande wa pili wa kaburi. "Mjomba," alisema kwa sauti, "ni mimi, Amoni. Mama hakuchelewa. Mimi sikumsomea."