Nilipoomba Kifafa Kianze

Sifa ni zako, Mungu uliyeufunga ubongo wetu ndani ya mfupa, mahali ambapo jicho letu halifiki. Umenipa miaka mingi, mke mwenye subira, na shamba la chai linalotulisha. Nakushukuru kwa yote, hata kwa hili ninalotaka kulieleza, ingawa bado linanikalia kifuani.

Mjukuu wangu ana kifafa. Mama yake, binti yetu wa pekee, alikuwa nacho pia, na kilimchukua akiwa mtoni anafua nguo, hakuna mtu karibu. Tangu tumzike tunamlea mtoto sisi, mimi na mke wangu, hapa nyumbani kwetu juu ya Kapsoit. Hatukumruhusu kwenda mtoni wala kukaa karibu na moto. Alimeza dawa ile ile aliyomeza mama yake, lakini alizidi kuanguka, mpaka daktari wa kliniki akatuambia wazi kwamba mambo yakiendelea hivyo, huenda tukampoteza naye.

Kisha akatueleza kuhusu utafiti. Wangetoa damu kidogo ya mtoto na kuipeleka kwenye maabara ng'ambo. Huko chembe hai zake, yaani seli, zingerudishwa kuwa changa, halafu zilelewe hadi ziwe chembe za ubongo, na dawa zijaribiwe juu ya hizo.

"Kwa hivyo mtajaribu dawa kwa mtoto wangu," mke wangu akasema.

"Hapana, Mama. Dawa zitakuwa kwa chembe. Mtoto atakuwa kwenu anakula ugali."

Mimi nilielewa kwa njia ya chai. Mche unaulea kivulini ukiwa peke yake ndani ya karatasi yake. Ukiupanda shambani pamoja na wenzake, matawi yanatafutana, na baada ya muda huoni tena mche huu na ule, unaona meza moja ya kijani. Daktari alisema chembe hufanya hivyo hivyo ndani ya kisahani: zinatoa mikono, zinashikana, zinaanza kutumiana umeme. Na kwa kuwa zimetoka kwa mtoto mwenye kifafa, zitashikwa na kifafa kama yeye.

Tukakubali. Tukangoja miezi. Siku moja daktari akapiga simu.

"Mzee, chembe ziko hai, zimeshikana vizuri. Lakini zimetulia tu. Zisiposhikwa, hatuwezi kujua dawa gani inazituliza. Tuombe zianze."

Alisema hivyo kama watu wanavyosema, bila kufikiri sana. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, na neno "tuombe" silichukui kirahisi. Katika nyumba hii mimi ndiye ninayeongoza sala kila jioni, na kwa miaka yote ombi letu lilikuwa moja, kifafa kikome. Sasa nilipaswa kumwomba Mungu yule yule kwamba mtoto huyu anayesinzia kwenye kiti wakati wa sala atulie, na zile zilizo ndani ya kisahani, ambazo pia ni yeye, zishikwe. Nimewafundisha wengi waliojiandaa kwa ubatizo kwamba Mungu hasikii nusu nusu. Hata hivyo niliogopa. Niliogopa ombi langu lisije likamwangukia asiyekusudiwa. Nikaanza kuliomba kwa sauti ya chini.

"Mzee, siku hizi unanong'ona kama mtu anayeomba mkopo," mke wangu aliniambia. "Sema tusikie."

"Mungu anasikia."

"Sisi ndio hatusikii. Hiyo amina tunaitikia nini?"

Mtoto, ambaye huniita Kugo, yaani babu, naye alikuwa na lake. "Kugo, ubongo wangu wa ng'ambo umeamka?"

"Bado umelala. Umelala kama wewe wakati wa kuchuma chai."

"Waambie waupe chai ya rangi. Utaamka."

Tulicheka, na jioni ile nikaomba tena kwa kunong'ona.

Wiki hiyo alianguka shambani, kati ya mistari ya chai, mimi nikiwa hatua chache kutoka kwake na kikapu mgongoni. Kifafa kile kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nilimlaza ubavu, nikamshikia kichwa, na nilichoweza kusema ni, "Bwana, si huyu. Sikusema huyu."

Kesho yake daktari akapiga simu. "Mzee, habari njema. Zimeanza kushikwa."

"Mungu asifiwe," nikasema, na nikaona mtoto ameketi mlangoni anakunywa uji uliopoa, kwa sababu alikuwa ameuma ulimi.

Baadaye tulienda kliniki, daktari akatuonyesha chembe hizo kwenye kompyuta. Nukta ndogo za mwanga zilikuwa zikiwaka zote kwa pamoja, zikazimika, zikawaka tena zote, kama mvua ya mawe inavyopiga bati. Mapigo yale niliyajua. Nimeyashika mikononi mwangu kwa watu wawili.

"Hapa tumeweka dawa anayomeza sasa," daktari akasema.

Nukta zikawaka kwa kasi zaidi.

Mke wangu ndiye aliyeuliza. "Mbona zinazidi?"

"Kwa aina yake ya kifafa, dawa hii inachochea. Kisahani si mtoto, Mama, nisingeamini kisahani peke yake. Lakini kipimo cha vinasaba vya urithi, tulichofanya kwa damu ile ile, nacho kinasema hivyo hivyo."

"Mama yake alimeza hiyo hiyo," nikasema.

"Najua, Mzee. Wakati ule hakuna aliyeweza kujua."

Alisema kweli, na alisema kwa upole. Lakini binti yangu aliwahi kuniambia, "Baba, nikimeza hii kichwa kinakuwa kama redio isiyoshika stesheni." Nami nilimjibu kwamba utii ni sehemu ya imani. Nilikuwa nasimama mbele yake mpaka ameze, kisha namwambia afungue kinywa nione.

Daktari akaonyesha dawa nyingine. Nukta zikatulia, kila moja ikawaka kwa wakati wake. Aliipunguza ile ya zamani polepole, akituonya tusiiache ghafla, huku akimwanzishia mpya. Mtoto bado huanguka, lakini mara chache sana.

Juzi nilimweleza nilichokuwa nikinong'ona. Niliona ni haki yake.

"Uliomba nianguke?"

"Si wewe. Zile za ng'ambo."

"Zile ni mimi, Kugo."

"Ndiyo. Nisamehe."

Alifikiri kidogo. "Sasa uombe kwa sauti," akasema. "Mimi pia nataka kusikia."

Jioni ile niliomba kwa sauti. Nilishukuru kwa dawa mpya, na nikamtaja mama yake na dawa ya zamani. Nilipofika hapo, mke wangu ndiye aliyemalizia. Wote wawili wakaitikia amina.

Wewe unayesoma, Mungu akulindie walio mikononi mwako. Akupe sikio la kuwasikia wanaposema wanaumia, na pale ulipokosea ukidhani unatenda mema, akufunike kwa rehema yake.