Kabla Hujamvisha Ngozi

Naikumbuka siku ile, mwanangu, hata harufu ya kakao iliyoanikwa uani kwa Bibi, kule Njisi, bado ninayo puani. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umelala juu ya mpunga, nami nimeikumbatia kompyuta ya kuazima kifuani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijiona nimefika.

Bibi alikuwa anapoteza macho. Presha ya macho, daktari alisema, na nuru iliyokwisha kwenda hairudi. Ombi lake lilikuwa moja tu: ajione, kabla giza halijammaliza, akipiga goti kusalimia kama alivyokuwa binti, kisha ainuke. Magoti yake mwenyewe yalishakataa zamani. Basi nikamtengeneza mle kwenye kompyuta, kikatuni cha Bibi cha kuchezesha. Nikampa mifupa, viungo, na vishikio, yale maduara ya rangi unayoyavuta ili mkono uinuke au mguu ukunjike.

Mwalimu wangu wa katuni, wa Mbeya mjini, alikuwa ameniambia siku ya kwanza, "Kabla hujamvisha ngozi, hilo umbo la nje, kila kishikio na kila kiungo kisome sifuri akiwa amesimama tu. Kishikio kiweke ndani ya kundi tupu, kama boksi lisilo na kitu kingine. Kundi ndilo libebe umbali, chenyewe kibaki na sifuri, ili ukiandika sifuri arudi kusimama." Sikumsikiliza. Unajua kwa nini? Kidato cha nne nilipata ziro, na mtaa mzima pale Mbugani ulijua. Nikaona namba ndefu ndefu kwenye visanduku vya kila kishikio ndiyo kazi yenyewe. Sifuri niliiona kama aibu iliyonifuata hadi huku. Usicheke. Au cheka tu, hata mimi huwa nacheka.

Nikamsogeza Bibi karibu kabisa na kioo cha kompyuta. Yule wa ndani akapiga goti, vizuri mno, kitenge kikatulia. Kumwinua ndiko kulikonishinda, maana sikujua tena alianzia wapi. Nikaandika sifuri kwenye mguu. Mguu ukaruka, ukaenda kulala katikati ya sakafu, maana huko ndiko sifuri yake ilikokuwa. Nikabahatisha namba za kichwani. Akainuka nusu, bega upande, mguu mmoja mrefu. Salamu ya pili akapinda zaidi. Bibi akatazama, kisha akasema taratibu, "Mjukuu wangu, huyu umemfundisha kuinama, hukumfundisha kusimama." Niliona haya, nikaifunga kompyuta.

Nikarudi Mbugani, nikamvua ngozi, nikaanza upya, kiungo kwa kiungo. Umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Zilipita wiki nyingi kuliko nilizomwahidi. Siku kazi ilipokwisha niliandika sifuri kila kisanduku, akasimama wima, mikono pembeni, ametulia kama mtu anayesikiliza ziwa kwa mbali. Nililia peke yangu.

Niliporudi Njisi, Bibi hakuona tena hata mwanga wa mlangoni. Nikamshika mkono, nikawa namsimulia: sasa anashuka, goti limegusa chini, anasalimia.

"Na anasimama?"

"Anasimama, Bibi. Wima kabisa."

"Ndaga fijo," akasema, ndiyo ahsante sana ya kwetu, akanipapasa uso. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Sasa ninyi mnaokuja kwangu na kompyuta zenu nyepesi mna haraka ya kumwona mtu wenu anacheza. Nisikilize, mwanangu. Mtengenezee kwanza pa kurudi. Kabla ya ngozi, kabla ya nguo, kabla hujamwonyesha mtu yeyote, pitia kila kiungo na kila kishikio, uone sifuri kwa macho yako. Sisemi kazi haitafanyika bila hiyo. Itafanyika, lakini utairudia, na yupo anayekusubiri ambaye hana muda wa wewe kurudia. Mungu akupe mikono iliyotulia, mwanangu, na wale unaowafanyia kazi awaachie nuru ya macho yao hadi umalize.