Bwawa la Mama Mkubwa Somoe

Enzi zetu pale Naipingo hatukuamshwa na simu, tuliamshwa na bata maji. Walianza makelele bwawani alfajiri, na mama akipita mlangoni anatuambia, "Ndege wamekwishanawa uso, nyinyi bado mmelala." Tunatoka na ndoo, tongotongo machoni. Bwawa lilijaa yungiyungi, na juu ya majani yake walitembea ndege wa vidole virefu bila kuzama. Sisi tukiwaiga tunazama mpaka kifuani. Mizizi ya yungiyungi tuliichemsha tukaila na chumvi, tamu hiyo! Mpe mtoto wa leo, atakuuliza kachumbari iko wapi.

Bwawa lilikuwa chini ya uangalizi wa dada yake mama, mama mkubwa Somoe, aliyerithi kwa bibi yake kazi ya kulifunga. Mvua za kwanza zikinyesha, alifunga fundo la majani kwenye mti wa njiani, na hakuna kuvua hadi vifaranga vya bata viogelee. Hata jamaa waliohamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma waliliheshimu fundo lile.

Tulipokwisha kuwa watu wazima, kijiji kikaleta samaki wageni, wanaonenepa haraka. Tuliwamwaga bwawani kwa vigelegele. Wakachimbua yungiyungi zote, maji yakawa kama chai ya maziwa, ndege wakahama. Na sisi kila masika tunafunga bwawa kwa adabu zote, kumbe ndio msimu wao wa kuzaliana. Mwiko wetu wenyewe ndio uliowalinda!

Bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi, alipokuja, alisema dawa ni kuwavua wote na kulikausha bwawa. Watu wakamgeukia mama mkubwa. Bwawa lile halikuwahi kukaushwa, na yungiyungi zisiporudi, angeitwa mwanamke aliyeliua bwawa la bibi yake. Kesho yake akaja na kikapu cha kuvulia.

"Fundo nililifunga kwa ajili ya ndege," akasema. "Samaki hawa sikuwafungia mimi. Chimbeni mfereji."

Jamani, siku ile! Wamwera, Wamakua, Wamakonde, wa parokiani na wa msikitini, wote tope hadi magotini, wanataniana. Tulikula samaki hadi paka wakasusa. Kisha tope likakauka, likapasukapasuka, na mama mkubwa akakonda kwa wasiwasi. Kila jioni alikwenda kulitazama. Mvua ziliponyesha bwawa likajaa, maji yakatulia, na siku moja akarudi nyumbani anacheka peke yake: majani ya yungiyungi yamechungulia.

Ndege hawakuja mwaka ule. Walikuja masika ya pili. Wajukuu zangu wakakimbilia bwawani na simu zao, wakakuta fundo bichi njiani. Vijana hawa wanaobishana hata na redio, wakasimama hapohapo, wakapiga picha kwa mbali. Nilijisikia fahari mpaka machozi yakanitoka.

Mimi sina hata picha moja ya bwawa la utotoni, wao wanazo hadi simu zinajaa. Mama naye hayupo tena, na miaka yote ile bwawa lilipokosa ndege sikuwa na maneno ya kumwamshia mtu. Sasa kila alfajiri nawagongea mlango wajukuu: "Ndege wamekwishanawa uso, nyinyi bado mmelala."