Kadi Zangu za Wachezaji

Walisema sitaweza. Baba mdogo alisema mtu mwenye diploma ya ugavi akirudi Mbinga kukusanya picha za wachezaji na sahihi zao, basi akili kaiacha Dar es Salaam. Kijiweni karibu na stendi waliniita Waziri wa Michezo.

"Waziri, leo kakusainia nani?"

"Kasainiwa na mgambo," mwingine alidakia, nao wakacheka.

Miaka ya nyuma nilifika Dar sina hata godoro, nikajisomesha mwenyewe, na huko nilimwona mtu akitoa hela ya kutosha kununua shamba kwa kadi moja yenye sahihi ya mchezaji. Nilipopunguzwa kazini, nilirudi na ujuzi huo.

Kadi za bei sikuzimudu, lakini kichwa nilikuwa nacho. Nilichapisha picha za wachezaji kwenye karatasi ngumu, ndogondogo, ili karatasi moja itoe kadi nyingi. Timu ikija kucheza Songea, nilisubiri nje ya nyumba ya wageni wakati wachezaji wanakunywa chai. Mastaa niliwaachia wengine. Niliwafuata wale wa benchi, ambao hakuna anayewaomba chochote, nao walisaini bure, tena kwa furaha. Nilishuka hadi Lipingo, kando ya ziwa, kwenye mashindano ya vijana, nikasainiwa na watoto ambao hawakuwa na viatu vya mpira. Wilaya nzima hakuna aliyekuwa na mkusanyiko kama wangu. Nasema hivyo bila aibu.

Nauli na uchapishaji nilikopa. Baba mdogo alinipa kidogo pamoja na masimango, wanakwaya wenzangu wakaongezea. Fungu kubwa lilitoka kwa shangazi yangu wa Mbamba Bay, ambaye hununua usipa, dagaa wa ziwani, kwa wavuvi, huwaanika na kuwauza huku milimani.

"Huo ndio mtaji wangu, baba," aliniambia. "Usipa wakianza kuingia niwe nao mkononi. Nikikosa, kichanja changu cha kuanikia pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, watapewa wengine."

Nikamwahidi.

Kisha mmoja wa wale wa benchi akasajiliwa nje ya nchi, na mnunuzi mmoja wa Dar niliyemwachia namba yangu akanipigia simu akiitaka kadi ya kijana huyo. Bei aliyotaja ingemaliza madeni yote na kubakiza. Nilipanda basi, kadi iko mfuko wa shati.

Kwetu kila karatasi ya thamani hupitishwa kwenye mashine ya kuifunika kwa plastiki: cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, diploma yangu. Kadi zote nami nilikuwa nimezipitisha. Mnunuzi aliishika ile kadi, akaigeuzageuza.

"Kaka, hii umeizika."

"Nimeilinda."

"Mimi nanunua wino wa mtu. Hapa nagusa plastiki."

Alinionyesha kiti nikae, akajaribu kuibandua pembeni taratibu kwa wembe. Plastiki ilitoka na nusu ya sahihi. Alinirudishia, akaninunulia soda.

Nilirudi Mbinga na kuanza kutafuta mtu wa kununua kahawa yangu ikiwa ingali mtini, biashara tunayoiita magoma. Miti ile niliachiwa na marehemu baba. Wanunuzi walijua nina shida, wakanizungusha wiki baada ya wiki. Huku nyuma usipa waliingia, wakajaa sokoni, wakapungua. Shangazi hakupiga simu hata mara moja.

Mwishowe niliuza kwa bei ya kutupa, na kesho yake nikalipa wote. Asubuhi nilianza na baba mdogo. Nikapita kwa wanakwaya, kisha nikateremka Mbamba Bay. Shangazi nilimkuta nyumbani, saa ambayo miaka yote angekuwa mwaloni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekula?"

Nilimkabidhi hela yake kwa mikono miwili. Aliifunga kwenye pindo la khanga, akashukuru, akaendelea kuchambua maharage. Hakuna mtu anayenidai, Mbinga wala ziwani. Jioni nilipita mwaloni. Kwenye kichanja cha shangazi alisimama mwanamke nisiyemjua, akigeuza usipa wa mwisho wa msimu.