Pengo la Kitana Changu

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliandikisha alama yangu kwa jina lake. Alipofanya hivyo nilikuwa nimeketi ubavuni pake.

Ninapika sabuni ya kufulia. Naimimina kwenye fremu ya mbao, ikianza kushikana naikata vipande, kisha kila kipande nakigandamizia kitana changu cha zamani kilichong'oka meno mawili katikati. Sijui kuandika, hiyo ndiyo sahihi yangu. Wateja walikuwa wanapitisha kidole juu ya mistari, wakifika penye pengo wanasema ndiyo hii.

Watu walipoanza kuuza sabuni ya rangi ile ile, shemeji akanipeleka ofisi ya alama za biashara. Mimi nilitaka jina zuri: Sabuni Safi. Karani, mwanamke wa rika langu, akaweka kalamu chini.

"Safi ni ya kila mtu, mama. Nikikupa wewe, wenzako wauze chafu?"

Shemeji akacheka. Karani akakigeuza kipande nilichomletea, akauliza pengo lile linahusiana vipi na sabuni. Nikamwambia halihusiani na lolote, ni ubovu wa kitana tu.

"Basi hilo ndilo," akasema. "Halisemi sabuni ikoje. Linasema imetoka kwa nani."

Akatupa fomu. Shemeji akaijaza, maana msomi wa ukoo ni yeye. Akanishika mkono, akakichovya kidole gumba changu kwenye wino.

"Hapa, shemeji. Bonyeza."

Nikabonyeza. Nikamshukuru.

Miezi saba baadaye alikuja mezani kwangu sokoni, yeye na bwana mmoja mwenye mkoba. Yule bwana akanisomea karatasi polepole, kama anayemsomea mgonjwa. Mwenye alama ni shemeji. Kidole changu kilikuwa chini kabisa, penye shahidi. Nisiitumie tena alama ile.

"Usinione mbaya," shemeji akasema. "Mali ya ukoo isipotee. Wewe kesho unaweza kuolewa."

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Sikulia. Nilimalizia kumfungia mteja vipande vyake.

Siku hizi nauza vipande vitupu. Watu wanavigeuza mbele na nyuma, wanavirudisha, wanavuka barabara kwenda dukani kwa shemeji, kwenye sabuni yenye pengo. Juzi alikuja dobi, mteja wangu tangu mume wangu yu hai, akanionyesha viganja vyekundu.

"Mama Pengo, sabuni yako imekuwaje? Inababua."

Nikamwambia si yangu. Akatoa kipande mfukoni, akaniwekea mezani, pengo juu. Nilikitazama.

Kitana bado ninacho. Shemeji ndiye ninayemdai: arudi kwenye ofisi ile ile, kwa karani yule yule, aseme kwa kinywa chake pengo limetoka kwa nani.